Wekundu wa Chumba cha Kungojea

14 Juni

Tangi limeletwa leo. Wanaume wanne wamelibeba, na wote wanne wamekanyaga sakafu niliyotoka kuipiga deki. Limewekwa chumba cha kungojea, mkabala na benchi, pale ilipokuwa picha ya marehemu Kaka Daktari. Picha imehamishiwa chooni. Siyo chooni hasa, kanisahihisha Daktari Tubai, ni kwenye ujia wa kwendea chooni. Nimeshukuru kwa ufafanuzi.

Vyeti vyake vinasema Saptarshi Lahiri, daktari wa meno. Mimi namjua tangu alipokuwa Tubai tu, akilia kila baba yake alipotaka kumkagua meno. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi humu: nachemsha vyombo, nachanganya dawa ya kuzibia, nashika taa, nashika vichwa vya watu wazima wenye ndevu wanaoita mama zao. Baba yake, Kaka Daktari, ametutoka, mwana amerudi kutoka Bangalore na mawazo. Wazo la kwanza ni samaki.

"Mgonjwa akitazama samaki, Dada Sulekha, mapigo ya moyo yanashuka."

Nikamwambia baba yake alikuwa anayashusha kwa kuwaita watu mapema. Hakusikia. Alikuwa anatafuta mahali pa kuchomeka pampu.

19 Juni

Samaki wamefika, kumi na wawili, katika mfuko wa plastiki uliotuna hewa, kutoka Kolkata. Nimeusogeza dirishani nikahisi macho yananidanganya. Samaki wafupi kuliko kucha ya kidole gumba, madume mekundu yenye mistari ya rangi ya maji, majike ya kijivu yasiyo na neno. Ni wale wale wa kijito cha kijijini kwetu. Tukiwa wadogo tuliwachota kwa pindo la sari ya mama tukawarudisha, maana hawajazi hata kijiko.

"Hawa wanatoka hapa hapa," nikamwambia. "Ukipanda basi, saa moja haijatimia umeshawapita."

"Hawa ni adimu, Dada. Wanapelekwa mpaka Ujerumani."

"Kitu kupelekwa Ujerumani hakukifanyi kitoke Ujerumani."

Kwa hiyo kuna mtu kawachota kwetu, kawauza, wamepanda treni kwenda Kolkata, wakauzwa tena, wakapanda treni kurudi. Wametembea kuliko mimi.

Akachukua mkasi, akataka kuukata mfuko na kuwamwaga kama anayemwaga dengu chunguni. "Tubai," nikasema, likanitoka bila 'Daktari'. "Acha huo mkasi." Nikauweka mfuko uelee ndani ya tangi mpaka maji ya mfukoni yakawa na joto moja na ya tangi. Kisha nikafungua mdomo wa mfuko, nikatia kikombe kimoja cha maji ya tangi, nikangoja. Kingine, nikangoja. Saa nzima. Bwana Ghosh alikuwa kitini muda wote ule kaachama, jipu limemvimbisha shavu kama anatafuna tambuu. Naye Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu ananitazama, jambo ambalo darasani, nadhani, hakulifanya mara nyingi.

Nilipowaachia walikaa juu ya changarawe kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu hawakuwapo. Majani manne tu na samaki kumi na wawili, na hakuna hata mmoja wa kuonekana.

20 Juni

Hawaonekani.

21 Juni

Hawaonekani. Daktari kawasha taa mbili za juu ya tangi ili waonekane. Sasa hawaonekani vizuri zaidi.

23 Juni

Bwana Sarkar, mwalimu mstaafu wa hesabu, kagonga kioo kwa pete yake dakika ishirini. "Tangi lina kitu hili?" Nikamwambia lina kumi na wawili. "Naona sifuri." Nikamwambia ndiyo maana alistaafu. Akashtaki kwa Daktari, yaani akanishtaki mimi. Daktari akaniambia kwa upole kwamba mgonjwa ni mgeni. Upole wake ndio unaoniudhi zaidi. Ni upole wa mtu aliyeusoma kwenye semina.

25 Juni

Leo Daktari kafanya la mwaka. Katoa majani yote. "Wakikosa pa kujificha, watazoea." Ni hoja ya mtu ambaye hajawahi kufukuzwa mahali. Wamejibana nyuma ya bomba la pampu, wote, wamepauka, yale mekundu yamekuwa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Kawatupia chakula cha punje kutoka kopo lenye picha ya samaki anayecheka. Punje zikazama, zikavimba, zikaota ukungu.

Wifi kashuka kutazama. Ni mjane wa Kaka Daktari, anakaa ghorofa ya juu ya kliniki na magoti yake mabovu, na mimi nimemwita Wifi tangu siku ya kwanza kwa kuwa mumewe nilimwita Kaka. Katazama tangi, katazama mwanawe.

"Samaki asiyelika ana kazi gani?"

"Ni pambo, Mama."

"Pambo liko wapi?"

27 Juni

Wawili wamekufa. Nimewatoa kwa kijiko cha chai.

Daktari kasimama na glavu mkononi. Kasema, bila kunitazama, "Fanya unavyojua, Dada. Mimi nina wagonjwa." Ndivyo wanavyosema watu waliosoma wakishindwa: wana kazi nyingine.

28 Juni

Nimefanya ninavyojua. Taa zote mbili, zima. Majani yamerudi, na juu nimetandaza majani ya kuelea kutoka bwawa la nyuma ya kiwanda cha mbao, mpaka ndani mmekuwa giza kama chini ya kitanda. Nimetia majani makavu matano ya mti wa mkungu, na jioni maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi, kama ya kijitoni. Kioo nimekifunika kwa magazeti pande zote nne. Mbele nimeacha upenyo wa vidole viwili.

Wagonjwa wanauliza nani kafariki.

2 Julai

Samaki hawa hawali kitu kilichokufa. Wanataka kinachochezacheza. Nimeweka ndoo mbili za maji ya mvua juu ya paa, mbu wakishataga nazifunika kwa chandarua na kuzifunga kwa kamba, na kila asubuhi nachota viluwiluwi vya mbu kwa chujio la chai. Ukivitia tangini vinacheza kama alama za mkato zilizolewa. Nimechungulia upenyoni. Jani moja likatikisika, kiluwiluwi kimoja kikatoweka. Mlaji sikumwona, ila kula kumefanyika.

Daktari nimemwambia nawalisha "chakula cha kienyeji". Kaitikia kwa kichwa. Angeitikia vilevile kama ningesema nawalisha vidole vya wagonjwa.

5 Julai

Kaja yule mwanamke wa ofisi ya kata anayekagua maji yaliyotuama, kwa ajili ya homa ya dengi. Fulmani Oraon, wa kutoka mashamba ya chai. Sari ya sare, miavuli miwili, mmoja mzima, na viatu vya plastiki alivyoingia navyo hadi katikati ya chumba, kwa kishindo cha mtu anayepeleka ng'ombe sokoni. Upenyoni nikaona majani yakitetemeka.

"Juu kuna maji, dada?"

"Juu kuna nguo zinazoanikwa."

Akaandika tarehe ukutani kwa chaki, mwandiko wa darasa la pili, akasaini kadi inayoning'inia mlangoni. Nilifuta matone ya tope mpaka barabarani.

Najua kutenganisha kiluwiluwi na mbu. Navichota kabla havijapata mbawa. Sihitaji kufundishwa na mtu anayeandika tarakimu saba kichwa chini.

9 Julai

Mvua. Bwana Ghosh kang'olewa jino, kaomba aende nalo.

12 Julai

Fulmani tena. Viatu tena. "Hakuna maji juu?" "Hakuna."

16 Julai

Mvua siku ya tatu. Mto Karala umefika ukingoni.

18 Julai

Umeingia.

Naandika juu ya kitanda, na kitanda kiko juu ya matofali. Mtaa wetu uko bondeni, na huu mto hauna adabu, unaingia bila kubisha. Mchele uko juu ya kabati, mimi niko juu ya kitanda, nyoka mdogo yuko juu ya dirisha. Kila mmoja kamwacha mwenzake.

19 Julai

Mvua.

20 Julai

Mvua. Nawafikiria wale kumi. Kwa Daktari, kuwalisha ni kufungua kopo.

21 Julai

Umeme hakuna. Nimekula muri, bisi za mchele, mkavu na kitunguu. Nyoka kaondoka, nadhani kwa kuchoka.

24 Julai

Maji yameshuka, yameacha tope la kiganja kimoja. Kesho nitavuka.

25 Julai

Nilikwenda nikiwa nimeshika kijiko cha chai mfukoni, kwa ajili ya maiti. Siku saba bila chakula. Nikachungulia upenyoni.

Wote kumi wapo. Na hawakuwa nyuma ya bomba. Dume mmoja alikuwa juu ya jani la mkungu, mwekundu kama kidonda kipya, kafungua mapezi yote anamtisha mwenzake, na majike manne yanapita yana matumbo. Walikuwa wameshiba. Nikavuta pumzi tu, wakatoweka. Lakini nimewaona.

Kopo la punje lilikuwa limejaa kama nilivyoliacha. Nikasema basi, majani yameotesha vidudu, wamejilisha wenyewe. Wana akili kuliko mwenye nyumba.

Kisha nikapanda juu.

Ndoo ya kulia ilikuwa kama nilivyoifunga. Ya kushoto, kamba imefunguka, chandarua kimelala pembeni. Upepo, nikasema. Nikainama. Juu ya maji palikuwa na maganda, membamba, meupe, mengi kama makapi ya mchele. Mtu wa kijitoni haulizi hayo ni nini. Wametoka. Mbu wamepata mbawa, wameruka, hata hawakuaga.

Nimeimwaga ile ndoo. Ya kulia nimeiacha, kwa kuwa imefungwa vizuri na samaki lazima wale. Sijamwambia mtu. Mbu wamejaa mji mzima baada ya gharika, wangu ni kiganja tu katika gunia.

26 Julai

Fulmani kaja kavimba miguu. Nyumba sitini kwa siku tangu maji yashuke.

"Baada ya mvua hii hakuna maji juu, dada?"

"Nimeshasema hakuna."

Katazama ngazi ya chuma ya kupandia paani, kajitazama goti. "Nakuamini. Wewe ni mtu wa hospitali." Kasaini.

Nilimwona mjinga. Naliandika hivyo hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyomwona.

2 Agosti

Fulmani kasaini. Nimeondoa gazeti la upande wa kushoto wa tangi. Upande mmoja kwa wiki, ndiyo mwendo wao. Wamejificha asubuhi, mchana wakatoka wawili.

9 Agosti

Fulmani kasaini. Nimeondoa gazeti la kulia. Bwana Sarkar kahesabu watatu, kasema hesabu yangu bado haijatimia.

12 Agosti

Wifi ana homa. Mafua, anasema Daktari.

13 Agosti

Siyo mafua. Analia kwamba mifupa inavunjwavunjwa. Macho hayawezi kutazama dirisha.

14 Agosti

Ni dengi. Wamempeleka hospitali, chembe za kugandisha damu zinashuka. Nilimfungia vitu vyake: sari mbili, chanuo, miwani, mkebe wa tambuu ambao hataruhusiwa. Akanishika mkono. "Sulekha, usiwaache wale samaki wakafa kwa ajili yangu. Tubai anawapenda." Nikadhani ni homa inasema.

16 Agosti

Hii siku nitaiandika yote.

Saa nne asubuhi kaja msimamizi kutoka ofisi ya kata, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, na Fulmani nyuma yake. Nyumba ikipata mgonjwa wa dengi hukaguliwa upya. Daktari alikuwa hospitali kwa mama yake, nilikuwa peke yangu. Msimamizi hakuuliza kitu. Kapanda ngazi moja kwa moja, na mimi nimesimama chini na chujio la chai mkononi, maana nilikuwa nimetoka kuchota.

Kashuka na ndoo ya kulia. Kaiweka sakafuni katikati ya chumba, kafungua chandarua. Viluwiluwi vikazama vyote kwa pamoja, kama kawaida yao vikiona kivuli.

Kachukua kadi mlangoni. Kasoma tarehe kwa sauti. "Tarehe ishirini na sita, hakuna maji. Tarehe mbili, hakuna maji. Tarehe tisa, hakuna maji. Saini ni yako?"

"Yangu," kasema Fulmani.

"Ulipanda juu?"

Nilingoja. Nilijua atakachosema, mimi ningesema hicho hicho, na kidole ningenyoosha. Mwanamke huyu kaniambia hakuna. Maneno manne tu, yangemtosha.

"Sikupanda," kasema Fulmani.

"Kwa nini?"

"Goti lilikuwa linauma."

Msimamizi kaandika. Kamwambia kesho asije kazini mpaka aitwe, na vitambulisho aviache ofisini leo. Wakati wote ule Fulmani hakunitazama hata mara moja. Nilidhani ananihurumia, nikaona hasira. Baadaye, nikipiga deki, nikaelewa: hakuniona kuwa mtu wa kutazamwa.

Mimi nilisema nini? Hakuna. Nilisimama na chujio. Miaka ishirini na sita nawacheka wanaume wanaotetemeka kitini, nami sikuweza kufungua mdomo, na hakuna aliyenishikia koleo.

17 Agosti

Nimekwenda hospitali. Wifi kalala, chembe zimesimama, hazishuki tena. Daktari Tubai yuko kwenye benchi la ujia, shati la juzi. Nilikuwa nimeshapanga sentensi. Nikakaa.

"Daktari, zile ndoo za juu ni zangu. Wakati wa gharika moja ilifunuka, mbu wakatoka. Nilijua. Nikanyamaza."

Hakushtuka. Kaitazama mikono yake.

"Haikufunuka, Dada. Niliifunua mimi."

Akanieleza. Siku ya pili ya gharika, kliniki imefungwa, umeme umekatika, kawatupia punje chache wasile. Akakumbuka 'chakula cha kienyeji', akanifuata nyayo kwa akili yake mpaka paani. Kila asubuhi amechota kwa kikombe cha kusukutulia. Kamba alishindwa kuifunga tena na mvua inampiga. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu, wala taa, wala viatu, amekaa sakafuni saa nzima nzima mbele ya upenyo, wakatoka. Mbele yake. Aliwaona kabla yangu.

"Wale madume wanagombania jani lile la mbele," akasema. "Yule mwenye mkia uliochanika ndiye anayeshinda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka kweli."

Nikataja habari za Fulmani. Hapo akainua kichwa, na nikamwona tena yule yule ninayemjua.

"Dada, hakuna anayeweza kujua mbu alitoka ndoo gani. Mji mzima una mbu. Tukienda kusema, jina la kliniki linakwisha. Jina la Baba." Akashusha sauti. "Mama anapona. Tuliache."

Jina la Baba, ambalo picha yake iko kwenye ujia wa choo. Nilikuwa na jibu zuri sana la kumpa. Lakini hoja ile ya mbu na mji mzima ilikuwa yangu, niliiandika humu kwa mkono wangu tarehe ishirini na tano ya mwezi uliopita, na sikuweza kumcheka kwa kuisema.

19 Agosti

Nimekwenda ofisi ya kata. Foleni saa mbili. Nimeandika kwamba mimi, Sulekha Barman, niliweka ndoo, nilijua, na niliulizwa na mkaguzi mara tano nikamdanganya mara tano. Karani kasema mara moja ingetosha kwa maelezo. Nikamwambia ibaki tano.

Ya Daktari sikuyataja. Hayo ni yake.

21 Agosti

Wameleta tangazo la kubandikwa mlangoni siku saba: hapa pamekutwa viluwiluwi vya mbu wa dengi. Nilinyoosha mkono nilipokee. Daktari kalichukua yeye. Nikajua litaishia kwenye droo. Kaleta gundi ya karatasi, kalibandika usawa wa macho, kona zote nne, kalinyoosha kwa kiganja. Chini yake kaandika kwa kalamu, kwa ule mwandiko wa madaktari usiosomeka: "Mimi ndiye niliyefunua." Hakuna atakayeelewa. Lakini kaandika.

Leo wagonjwa wawili tu. Mmoja ni Bwana Sarkar, aliyekuja kulisoma tangazo.

22 Agosti

Wifi karudi. Kakonda, kelele zake hazijakonda. Kaniambia mtoto wake kamweleza yote, ya kwake na ya kwangu. "Samaki wenu mmewalisha mimi," akasema, akageukia ukuta. Jioni kaomba khichuri, wali wa dengu. Nimeipika mimi. Kala nusu, kasema chumvi haitoshi. Ilitosha.

24 Agosti

Ndoo hakuna tena. Nawachotea minyoo myembamba ya mtaroni, naiosha maji matatu. Wanakula. Gazeti la nyuma nimeliondoa.

29 Agosti

Gazeti la mwisho, la mbele. Hawakukimbia. Wale kumi sasa ni kumi na mmoja. Kuna kitu kama kope kinachoogelea chini ya jani. Daktari kanivuta mkono wa nguo kunionyesha, akasahau kwamba mgonjwa ana ganzi kitini.

6 Septemba

Fulmani karudishwa kazini. Kaja leo saa tano, sare, mwavuli mmoja, mzima. Nilikuwa mezani. Nilisimama.

"Fulmani dada, nilikukosea."

Hakuna siku niliyowahi kumwita dada. Kaning'iniza mwavuli kwenye msumari.

"Ulinifanya nionekane kipofu," akasema. "Wiki tatu nimekaa nyumbani, mama mkwe ananiuliza nimeiba nini. Barua yako nimeisoma. Mara tano, umeandika. Ni kweli, mara tano. Mimi ningekuuliza hata mara kumi, kwa kuwa ndiyo kazi." Akachukua chaki. "Usinipe chai. Najua unataka kunipa chai."

Nilikuwa nimeshashika birika. Nikaliweka.

Akavuka chumba na viatu vyake vile vile, na kwa kishindo kile kile. Tangini wote wakatoweka, wakubwa na yule wa kope, likabaki jani na maji ya rangi ya chai. Wiki kumi za kazi yangu. Akafika kwenye ngazi ya chuma, akaweka mguu mzima kwanza, goti bovu likagoma. Ngazi ikayumba.

Nikaenda kumshikia ngazi.